NURU ILIYOCHUJWA: GINSI INAVYOFUNUA UGONJWA ULIOFICHWA MWILINI

Katika fundisho hili tutajifunza habari za nuru ya namna ya pekee. Kwa nuru hii wanganga huona ugonjwa usioonekana kwa macho, hata kwa mikroskopi ya kawaida haujulikani vizuri. Tutajifunza pia kwa nini munganga huomba kuchukua kipande kidogo cha mwili wa mgonjwa, neno ambalo huwatia watu wengi hofu. Soma polepole. Kama unawasomea jamaa yako, simama mwisho wa kila sehemu, uwaulize kama wamefahamu.

1. Mgonjwa aliyevimba miguu

Tufikiri juu ya baba mmoja mwenye miaka arobaini. Zamani alivunjika mguu, uchafu ukaingia ndani ya mfupa, na kidonda hakikufunga. Usaha hutoka, kidonda hukauka kidogo, kisha usaha hutoka tena. Miaka kumi na miwili imepita hivi. Amekizoea kidonda chake. Anakifunga kitambaa, anakwenda shambani.

Sasa limeanza neno jipya. Asubuhi uso wake umevimba, na jioni miguu yote miwili. Akibonyeza kidole juu ya muundi wa mguu, shimo linabaki. Mkojo wake unafanya povu kama maji ya sabuni. Nyumbani watu wanasema mengi. Mmoja asema ametiliwa sumu katika pombe. Mwingine asema amerogwa na jamaa waliogombana naye juu ya shamba. Mwingine asema ni uzee tu.

Mkewe anamleta hospitali. Munganga anatia mkojo wake kidogo katika chupa nyembamba, anatia tone la asidi, anaupasha moto. Mkojo unageuka mweupe, kama ute wa yai unavyogeuka ukipikwa. Maana yake protini, yaani chakula cha kujenga mwili, inapotea katika mkojo. Mafigo ni kama kichujio. Kwa mtu mzima mwenye afya, protini inayopita katika mkojo wa siku nzima haifiki hata gramu moja. Kwa mtu aliyevimba namna hii yaweza kupita gramu 3 na nusu na zaidi. Kichujio kimetoboka.

Lakini ni nini kilichokitoboa? Munganga anasema, “Mama, nataka kuchoma sindano karibu na kitovu cha baba, nitoe mafuta kidogo sana yaliyo chini ya ngozi, niyapeleke laboratware.” Mama anajibu, “Munganga, ugonjwa uko katika miguu, na wewe umesema ni mafigo. Mbona unataka kitu cha tumbo?”

Hili ni ulizo la akili, wala si la ubishi. Fundisho letu lote ni jibu lake.

2. Nuru na ua wa miti

Nuru ya jua na ya taa husafiri kama wimbi. Wimbi hili hutikisika pande zote: juu na chini, kushoto na kuume, na pande zote za katikati. Macho yetu hayatambui upande gani.

Chukua kamba ndefu, uipitishe katikati ya miti ya ua iliyosimama wima. Mwenzako ashike ncha ya pili. Ukiitikisa kamba juu na chini, wimbi litapita kati ya miti na kumfikia mwenzako. Ukiitikisa kushoto na kuume, miti italizuia. Sasa, nyuma ya ua wa kwanza jenga ua wa pili ambao miti yake imelazwa. Wimbi lililopita ua wa kwanza litakwama katika wa pili. Hakuna kitakachofika.

Basi, kuna vioo na karatasi ngumu zinazofanya hivi kwa nuru. Kipande cha kwanza huacha nuru ya upande mmoja tu ipite. Hiyo ndiyo nuru iliyochujwa, na wenye elimu huiita nuru ya polarizasioni. Kipande cha pili kikigeuzwa robo ya mzunguko, nuru yote inazuiwa, pakawa giza.

Hapa ndipo ajabu inapoanza. Weka punje ya chumvi katikati ya vipande hivi viwili: giza linabaki. Weka punje ya sukari: inang'aa! Kwa nini? Katika chumvi vitu vidogo vimepangwa sawasawa kwa kila upande, kwa hiyo nuru hupita bila kubadilika. Katika sukari mpango wa upande mmoja si sawa na wa upande mwingine. Nuru ikiingia inagawanyika na kugeuzwa, na sehemu yake inapata njia katika ua wa pili.

Shika neno hili, maana ndilo msingi wa yote: kitu kinachong'aa katika giza hili ni kitu ambacho ndani yake kina mpango, kama nyuzi zilizolazwa pamoja katika mkeka, au matofali ya ukuta.

Tazama unga wa muhogo kwa nuru hii. Kila chembe ya wanga inang'aa, na juu yake unaonekana msalaba mweusi. Mtu asiseme ni muujiza. Ni kwa sababu wanga umepangwa kutoka katikati kwenda nje, kama miali ya gurudumu, na miali iliyo sawa na miti ya ua haigeuzi nuru. Unga wa mahindi nao hufanya vivyo hivyo.

Elimu hii haikuja siku moja. Mwaka wa 1669 Erasmus Bartholin wa Denmark aliandika habari za jiwe jeupe kutoka Iceland ambalo mtu akitazama kupitia kwake huona kila kitu mara mbili. Mwaka wa 1808 Malus wa Ufaransa alitambua kwamba nuru iliyorudishwa na kioo cha dirisha imechujwa. Mwaka wa 1828 William Nicol wa Scotland alikata jiwe lile la Iceland na kuligandisha tena, akapata kichujio kizuri cha nuru, na baadaye vichujio vya namna hiyo vilitiwa katika mikroskopi nyingi. Tangu mwaka wa 1929 Edwin Land wa Marekani alitengeneza karatasi za kuchuja nuru, na bei ya vyombo ikashuka.

3. Amiloidi ni kitu gani?

Mwaka wa 1854 Rudolf Virchow, munganga wa Ujerumani, aliona katika viungo vya wafu kitu kigumu kama nta. Alipokitia iodini, kikabadilika rangi karibu kama wanga unavyobadilika. Kwa hiyo alikiita amiloidi, maana yake “kinachofanana na wanga.” Mwaka wa 1859 wengine walionyesha kwamba si wanga bali zaidi ni protini. Lakini jina likabaki.

Protini njema mwilini imekunjwa kwa namna yake, kama nguo iliyokunjwa vizuri sandukuni. Nyakati fulani protini hukunjwa vibaya. Protini mbaya zinashikana, moja juu ya nyingine, zikawa nyuzi ndefu nyembamba mno. Mwili haujui kuziondoa vizuri. Zinajaa katika mafigo, bandama, ini, matumbo, hata moyo. Kiungo kinakuwa kigumu na kazi yake inaharibika.

Amiloidi ni ya namna nyingi. Moja hutoka katika ugonjwa wa chembe za damu zilizo ndani ya mifupa. Nyingine hushika moyo wa wazee. Lakini moja inatuhusu sana sisi. Mtu akiwa na ugonjwa wa kuwaka ndani, kama kifua kikuu, ukoma, au usaha wa mfupa, ini hutoa kwa wingi protini fulani ya kusaidia vita. Vita ya juma moja haina neno. Lakini vita ikikaa miaka mingi, protini ile inajaa damuni siku zote, na kwa watu wengine vipande vyake vinakunjwa vibaya na kuwa amiloidi. Si kila mwenye kidonda cha siku nyingi hupata ugonjwa huu. Lakini hakuna awezaye kusema mbele, “Mimi sitaupata.”

Na kwa kuwa protini ile inatembea katika damu mwili wote, amiloidi yake huweza kukaa si katika mafigo tu, bali hata katika mafuta yaliyo chini ya ngozi ya tumbo. Sindano ndogo karibu na kitovu haina hatari kama sindano ya figo. Hii ni nusu ya jibu la yule mama.

4. Rangi yenye jina la nchi yetu

Nusu ya pili ni rangi. Kipande cha mwili kisichopakwa rangi ni kama maji tu chini ya mikroskopi. Rangi inayotafuta amiloidi inaitwa Nyekundu ya Kongo.

Wengi wakisikia jina hili hufikiri rangi hii imetoka katika udongo au miti ya kwetu. Sivyo. Iliundwa Ujerumani mwaka wa 1883 na Paul Böttiger, mtu wa kiwanda, kwa kupaka nguo za pamba. Wakati ule, tangu Novemba 1884 hata Februari 1885, wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin kusemezana habari za Kongo, na hakuna mtu wa Kongo aliyeketi pamoja nao. Magazeti yote yalijaa jina hilo. Wenye kuuza rangi wakalitwaa, wapate wanunuzi. Hivi jina la nchi yetu likaandikwa juu ya chupa ya rangi.

Kwa nguo rangi hii haikudumu vizuri, maana ikiguswa na asidi inageuka buluu. Lakini mwaka wa 1922 Hans Bennhold wa Ujerumani aliona kwamba inashika sana amiloidi. Na mwaka wa 1927 wanganga wawili wa Liège katika Ubelgiji, Paul Divry na Marcel Florkin, waliandika habari za amiloidi iliyopakwa rangi hii na kutazamwa kwa nuru iliyochujwa. Ile iliyokuwa nyekundu ikang'aa kijani katika giza.

Sababu tumekwisha kuijifunza. Amiloidi ni nyuzi zilizopangwa. Chembe za rangi zinalala juu ya nyuzi hizo kwa mstari, kama ndege juu ya kamba. Mpango umekuwa juu ya mpango, na nuru inapita ikiwa na rangi ya kijani, kama tofaa ambalo halijaiva. Nyakati zingine huonekana manjano au rangi ya chungwa pia, kwa kadiri vichujio vinavyogeuzwa.

Tangu mwaka wa 1927 hata leo, mtu akitaka kujua hakika kama ni amiloidi, hutumia rangi hii na nuru hii.

5. Kazi ya laboratware

Yafaa mgonjwa ajue kitu chake kinafanywa nini, asije akafikiri kwamba kinatupwa au kinatumiwa kwa jambo la siri.

Kwanza, mafuta yaliyotolewa na sindano hupakwa juu ya kioo na kukaushwa. Kama ni kipande cha nyama, hutiwa katika formalini kisioze. Kisha hutolewa maji na kutiwa ndani ya nta iliyoyeyushwa. Nta ikiganda, fundi hukata kipande chembamba sana kwa kisu cha mashine. Kwa kazi hii unene mzuri ni sehemu 8 hata 10 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Kikiwa chembamba kupita kiasi, rangi ya kijani inafifia. Kikiwa kinene mno, yaonekana rangi za uongo.

Pili, kinapakwa Nyekundu ya Kongo, kinaoshwa, kinafunikwa na kioo kidogo. Fundi huvaa glavu, maana rangi hii imetokana na dawa yenye sumu.

Tatu, hutazamwa kwa nuru ya kawaida. Amiloidi ni nyekundu yenye kufifia. Lakini hapo haitoshi, maana vitu vingine pia hushika wekundu.

Nne, vichujio vinatiwa, chumba kinafanywa giza, na kioo kinazungushwa polepole. Amiloidi inawaka kijani.

Fundi mwenye akili hujihadhari na wadanganyifu. Nyuzi za kovu nazo zinang'aa, lakini kwa weupe. Unga wa glavu huonyesha ule msalaba wa wanga. Vumbi na nyuzi za kitambaa zinang'aa pia. Kila king'aacho si ugonjwa. Kwa hiyo siku ile ile hupaka kipande kingine kinachojulikana kuwa na amiloidi. Hicho kisipokuwa kijani, hataamini kazi yake ya siku hiyo, ataianza upya.

Tena, kama mafuta ya tumbo hayaonyeshi kitu, haimaanishi kwamba ugonjwa haupo. Munganga akiwa na shaka, aweza kuomba kipande cha figo lenyewe.

6. Magonjwa mengine yanayofunuliwa na nuru hii

Jongo. Ni maumivu makali ya kidole gumba cha mguu au goti, mara nyingi usiku. Ndani ya kiungo kuna sindano ndogo za kristali zitokazo katika takataka ya damu. Leeuwenhoek wa Holland alizieleza mwaka wa 1679, lakini ilikuwa mwaka wa 1961 McCarty na Hollander wa Philadelphia walipoonyesha kwamba tone la maji ya goti, likitazamwa kwa nuru iliyochujwa, linazifunua. Wakiongeza kipande cha tatu, sindano zilizolala sawa na mstari wake huwa za manjano, na zilizoupinga huwa za buluu. Ugonjwa mwingine unaofanana na jongo una kristali fupi zenye rangi kinyume cha hizo. Na munganga hutafuta vidudu pia, maana goti lenye usaha huharibika upesi, na huweza kuwa na kristali na vidudu pamoja.

Malaria. Kidudu cha malaria hula wekundu wa damu na kuacha takataka nyeusi. Takataka hiyo ni kristali, nayo inang'aa. Inasaidia wanaochunguza viungo, lakini formalini ya zamani pia huacha alama inayofanana nayo. Kwa mgonjwa mwenye homa, tone la damu au kipimo cha haraka ndicho cha kwanza.

Mlango wa tumbo la uzazi. Nyama njema ina nyuzi zilizopangwa. Kansa ikianza, mpango huo unavurugika. Wenye elimu katika nchi mbalimbali wanachunguza kama nuru iliyochujwa yaweza kuonyesha mahali penye mvurugo. Kazi hiyo ingali inaendelea. Mama asingoje chombo hicho, aende apimwe kwa njia zilizopo.

7. Tumrudie baba yule

Kioo kimewaka kijani. Sasa munganga anajua. Si sumu, si uchawi, wala si uzee. Ni kidonda kile alichokizoea.

Tazama faida ya kujua. Kuna magonjwa mengine ya mafigo yenye uvimbe huu huu, ambayo hutibiwa kwa dawa ya prednisoloni. Kama munganga angempa dawa hiyo kwa kubahatisha, isingeyasaidia mafigo haya, tena ingedhoofisha nguvu ya mwili ya kupigana na vidudu, na usaha ungeenea. Na kama ni kifua kikuu kilichojificha, kingeamka.

Badala yake munganga anafungua mguu, anatoa kipande cha mfupa kilichokufa, anatoa dawa ya vidudu kwa majuma mengi. Moto ukizimika, ini linapunguza protini ile. Nyuzi mpya haziongezeki sana, na kwa wagonjwa wengine protini katika mkojo hupungua mwezi kwa mwezi. Munganga hasemi uongo: figo lililokwisha kufa halifufuki. Kama baba huyu angaliletwa mwaka wa pili wa kidonda, wala si wa kumi na mbili, huenda asingalivimba kamwe. Lakini bado yako mengi ya kuokoa.

Mama anauliza tena, “Basi ni ule mguu tu?” Munganga anajibu, “Ndiyo, mama. Ni ule mguu.” Mama ananyamaza. Anakumbuka ginsi walivyouza mbuzi wawili kumlipa mtu aliyetafuta mchawi.

8. Mambo ya kushika

Kidonda kisichofunga kwa majuma sita kipelekwe hospitali. Usikizoee.

Dawa za kifua kikuu zimezwe mpaka mwisho. Kwa kifua kikuu cha kawaida ni miezi 6. Kikohozi hupungua mapema, lakini vita haijaisha. Dawa za ukoma ni miezi 6 au 12, kwa kadiri ya namna yake. Magonjwa yote mawili hutibiwa bila malipo ya dawa.

Uso ukivimba asubuhi, miguu jioni, na mkojo ukifanya povu siku kwa siku, peleka mkojo upimwe. Kipimo hiki ni chepesi, na hakiumizi.

Munganga akiomba kipande cha mwili, muulize: kitatoka wapi, kitapelekwa wapi, nitapata jibu lini? Ni haki yako kujua. Ukisha kufahamu, usikatae kwa hofu. Na siku ya jibu, rudi. Jibu lisilochukuliwa halimponyi mtu.

Maulizo

1. Kwa nini punje ya sukari inang'aa kati ya vichujio viwili, na punje ya chumvi haing'ai?
2. Nyekundu ya Kongo ilipata jina lake ginsi gani?
3. Kwa nini munganga alitaka mafuta ya tumbo, na ugonjwa uko katika mafigo?
4. Fundi anapaka rangi kipande kingine kinachojulikana. Kwa sababu gani?
5. Katika nyumba yako au ya jirani, kuna mtu aliyezoea kidonda, au aliyeacha dawa za kifua kikuu katikati? Utamwambia nini juma hili?